Ajali ya Barabarani na Haki ya Mfanyakazi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Umoja, Nairobi)



Tumeombwa na kamati tuzungumze habari za fidia ya ajali za barabarani, maana ni nadra mwezi kupita bila jina la mwenzetu kuletwa katika kikao, naye yuko hospitali kwa sababu ya gari. Mtaa wetu huu ulianza kujengwa miaka ya 1970, na tangu siku zile wengi wetu hulala upande huu na kufanya kazi upande wa pili. Barabara ya Outer Ring iko mlangoni, Kangundo Road iko mgongoni, na Moi Drive inapita katikati yetu. Alfajiri tunapanda matatu, tunapanda bodaboda, na mwenye nauli fupi huenda Industrial Area kwa miguu. Basi habari hii si ya watu wengine. Ni yetu.

Jambo tunalotaka mlishike ni hili. Sheria ya Kenya imempa haki mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa dereva, lakini haki hiyo haimfuati mtu kitandani. Nayo hupotea kwa njia mbili: kwa kuchelewa, na kwa kutia sahihi mahali pasipofaa.

FIDIA SI SADAKA

Wengi wetu hudhani kwamba fidia ni huruma ya mwenye gari. Akiwa mtu mwema atatoa, akiwa mkali hatatoa. Sivyo. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya yamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Abiria aliyelipa nauli ndani ya matatu yumo katika ulinzi huo, na mwenda kwa miguu pia yumo. Mahakama ikitoa hukumu kwamba dereva alikosa, kampuni ya bima ina wajibu wa kulipa, hadi kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ikizidi hapo, kinachobaki hudaiwa mwenye gari mwenyewe.

Tena wengine hudhani kwamba dereva akishtakiwa katika mahakama ya Makadara na kutozwa faini, basi mambo yamekwisha. Faini ile ni ya Serikali, na majeruhi hapati hata senti moja. Kesi ya trafiki ni ya Serikali na dereva. Shauri la fidia ni lako na dereva na mwenye gari, nalo hufunguliwa mbali. Dereva akipatikana na hatia, hukumu ile husaidia sana shauri lako, lakini hulazimiki kuingoja.

SIKU ZA KWANZA

Ajali ikitokea, kwanza ni uhai. Mpelekeni mtu hospitali. Huku kwetu mara nyingi ni Mama Lucy Kibaki. Lakini mwenzake mmoja asiende hospitali. Abaki pale, aandike nambari ya gari, jina la chama cha matatu kilichochorwa ubavuni, saa, mahali, na majina na simu za watu wawili au watatu walioona. Apige picha kwa simu. Kesho magari yatakuwa yameondolewa na mashahidi wametawanyika.

Sheria yamtaka dereva asimame na apige ripoti polisi, tena kabla ya saa 24 kwisha. Msimtegemee. Mwenzenu mmoja aende kituo cha polisi, ahakikishe kwamba habari imeandikwa katika kitabu cha matukio, na arudi na nambari ya OB. Baadaye majeruhi au jamaa yake ataomba abstrakti ya polisi. Karatasi hiyo ndogo huonyesha nambari ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya cheti cha bima. Soma kila neno kabla ya kuondoka dirishani, maana jina lako likiandikwa vibaya, au ukiandikwa mwenda kwa miguu hali ulikuwa abiria, kosa hilo litakusumbua mwaka mzima. Omba pia fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha.

Hospitali nako usitoke mikono mitupu. Chukua karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, maandishi ya matibabu, picha za eksirei, na kila risiti: ya dawa, ya magongo, ya teksi iliyokupeleka kliniki. Mahakama hutazama mambo mawili. Maumivu na mateso yako hakimu huyakadiria kwa kulinganisha na mashauri yaliyotangulia. Lakini fedha ulizotumia lazima uzithibitishe moja moja, na shilingi isiyo na risiti haihesabiwi.

Hakimu hutazama pia kosa lako mwenyewe. Ukivuka Outer Ring chini ya daraja la wapita njia, ukipanda bodaboda bila kofia ya chuma, au usipofunga mkanda, fidia yaweza kupunguzwa. Kwa mfano, ikikadiriwa kuwa shilingi 600,000 na mahakama ikasema lawama yako ni asilimia 30, utapata 420,000. Hatusemi haya ili kumlaumu majeruhi. Twasema ili asimfiche wakili wake jambo ambalo wakili wa upande wa pili atalifichua.

SAHIHI ILIYOLETWA KITANDANI

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Mwanachama wetu mmoja, fundi wa kuchomelea, alivunjika mguu ndani ya matatu. Siku ya tatu alijiwa wodini na mtu mpole sana, amechukua matunda na shilingi 15,000 katika bahasha. Akaambiwa, "Ndugu yangu, hizi ni za kukusaidia kidogo, tia sahihi hapa kwamba umepokea." Akatia. Maandishi hayakusema tu kwamba amepokea. Yalisema amepokea fidia yote na hana dai jingine juu ya dereva, wala mwenye gari, wala kampuni ya bima. Miezi minne baadaye daktari alisema mfupa haukuunga vizuri, na chuma lazima kitiwe. Tulipoipeleka karatasi ile kwa wakili, alitikisa kichwa. Fundi yule leo hawezi kusimama kutwa nzima, naye anauza mitumba.

Mwingine ni mama wa watoto watatu. Yeye hakuuza kesi, bali aliuziwa wakili. Kijana mmoja, dalali wa kesi, alimkuta hospitali akachukua karatasi zake zote pamoja na sahihi, akisema ofisi itafanya kila kitu na kulipwa mwishoni, nusu kwa nusu. Mama huyo hakuwahi kumwona wakili. Alikaa miaka miwili akipiga simu isiyopokelewa, kisha akasikia kwamba kampuni ya bima ilikwisha kulipa.

Ndugu zetu, tusikieni. Msitie sahihi wala dole gumba wodini. Mtu akileta msaada wa chakula, mshukuruni. Akileta karatasi, mwambieni aiache ili isomwe na watu wa nyumbani na chama. Mwenye nia njema atangoja siku mbili.

KUMTAFUTA WAKILI

Wakili wa kweli hana haja ya kuvizia vitanda. Tena Sheria ya Mawakili yakataza kutafutiwa kazi na madalali. Kila wakili lazima awe na cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi, na Chama cha Mawakili cha Kenya huweza kukuonyesha kama jina lake limo. Nenda ofisini kwake, umwone kwa macho, umweleze kwa kinywa chako mwenyewe. Mwachie nakala, na karatasi za asili akizihitaji, akuandikie kwamba amezipokea.

Makubaliano ya malipo yawe kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Maneno ya "nusu kwa nusu", au "utanilipa tukishinda tu", sheria yetu haiyatambui. Wakili ana haki ya ujira wake kwa kiwango kilichowekwa, na ukiona umetozwa kupita kiasi, hesabu yake yaweza kupelekwa mbele ya msajili wa mahakama ikaguliwe. Fedha zikilipwa, dai hesabu iliyoandikwa: zimeingia ngapi, zimekatwa ngapi na kwa sababu gani. Akikataa, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nayo hupokea malalamiko bila malipo.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini hapa Nairobi tangu mwaka 1973, na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 Serikali imeunda idara ya kazi hiyo.

MUDA

Shauri la kuumizwa kwa uzembe lazima lifunguliwe kabla ya miaka 3 kwisha. Gari likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Mtu akifa, mume au mke, watoto na wazazi wanaweza kudai, nao pia wana miaka 3 tangu siku ya kifo. Lakini mara nyingi hutakiwa kwanza wapate idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, na hiyo nayo hula miezi. Kampuni ya bima lazima ipewe ilani ya shauri mapema, la sivyo itapata pa kuponyokea. Miaka 3 yaonekana mingi kwa mtu aliye kitandani. Mkilipa kodi na karo, mtaona jinsi inavyokimbia.

Iko sababu nyingine ya kutochelewa. Kampuni za bima nazo huanguka, hasa zile zinazochukua matatu. United iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na Invesco ikaingia katika kufilisiwa mwaka 2024. Uko mfuko wa kuwafidia wenye madai, lakini una kikomo, na anayesubiri hapo husubiri sana.

UKIUMIA UKIWA KAZINI

Dereva, utingo, mpeleka mizigo, na yeyote aliyetumwa na mwajiri akaumia njiani, ana mlango mwingine: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Hata anayesafirishwa kwenda kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo, likiendeshwa na mfanyakazi mwenzake, huhesabiwa kuwa kazini. Hapa huna haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Mwarifu mwajiri mara moja. Yeye ana siku 7 za kumpelekea ripoti Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nawe una miezi 12 ya kuleta dai lako.

Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi, daktari akimpa ulemavu wa asilimia 10, hesabu yake ni shilingi 192,000. Mwajiri haruhusiwi kusema, "Ulikuwa kibarua tu." Na jueni kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 3 Desemba 2019, dai hili juu ya mwajiri huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Lakini kama aliyekugonga ni gari la mtu mwingine, mlango huu haufungi ule wa kwanza. Mweleze wakili yote mawili.

KAZI YA TAWI

Chama si wakili, wala hatutaki kujifanya mawakili. Lakini yako mambo ambayo chama chaweza kufanya kuliko mtu peke yake. Kamati imekubali kwamba tawi liwe na daftari la ajali. Habari ikifika, wanachama wawili watatumwa siku hiyo hiyo, mmoja hospitali na mmoja polisi. Katibu ataweka nakala za karatasi zote, na ataandika tarehe ambayo muda wa shauri utakwisha. Hakuna mwanachama atakayekwenda kwa wakili peke yake kama hataki. Na karatasi yoyote ya kumaliza madai italetwa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mwenyewe, kabla ya kalamu kuguswa.

Mguu wa fundi yule hatuwezi kuurudisha. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba mwingine hatauuza wake kwa bahasha moja. Kila mmoja wenu akitoka hapa amwambie jirani yake wa ploti, awe mwanachama au asiwe.

 Sasa twangoja maswali yenu.