Sauti Itoke Tumboni

MTANGAZAJI: Leo nasema nanyi vijana wa maigizo, Kasese na Bwera. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, wagonjwa wakatibiwa hapa Bwera. Siku kama zile, igizo la sokoni Mpondwe likisikika mbele tu, mama aliye nyuma anarudi nyumbani bila kujua ampeleke wapi mtoto mwenye homa.

Basi usipige kelele. Kesho sauti itakuwa imekauka. Weka mkono tumboni, vuta pumzi mpaka mkono usukumwe, kisha tamka polepole. Mwenzako asimame mwisho wa uwanja, asiposikia, rudia. Kunywa maji. Sauti ikikwaruza, nyamaza. Kunong'ona nako kunachosha koo.