Tajiri Anayetembea Usiku

Msikilizaji, mwezi Juni mwaka 2020 Tanzania nzima ililijua jina moja kwa siku moja. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Simanjiro, mkoani Manyara, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo tisa na ushei, jingine la kilo tano na ushei. Akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Rais John Magufuli akampigia simu hadharani kumpongeza. Agosti mwaka uleule mgodi ukatema tena, safari hii jiwe la kilo 6.3.

Vijiweni watu wakaanza kumpangia matumizi. Huyu angenunua ghorofa Masaki, yule angehamia Dubai asionekane tena. Kugawa fedha ya mwenzetu hakujawahi kutushinda.

Mwenyewe alipoulizwa na waandishi, alisema atachinja ng'ombe afanye sherehe, atajenga shule karibu na kwake, na ataendelea kuchunga ng'ombe wake wapatao 2,000. Kuhusu usalama wake, alijibu kwamba haoni haja ya kuongeza ulinzi. Usalama upo, alisema, na hata usiku anaweza kutembea bila tatizo.

Mabilioni yale nimeyazoea sasa. Jibu hilo bado sijalizoea.

Kumbuka alikuwa anaongea akiwa wapi. Vilima vya Mirerani ndiko pekee duniani inakochimbwa tanzanite, na mwaka 2018 jeshi lilimaliza kuvizungushia ukuta wa kilomita 24 hivi, ili mawe yasitoroshwe. Sina ugomvi na ukuta ule. Magendo yalikuwa yanaikausha nchi. Lakini mwenye mawe, aliyeyatoa ndani ya ukuta huo, anasema yeye hahitaji wa kwake. Labda alijigamba tu, maana mbele ya kamera mtu husema mengi. Hata kama ni majigambo, alijigambia kitu cha maana kuliko gari.

Sasa njoo mjini kwetu. Mtu akipata milioni zake za kwanza, godoro halijabadilishwa bado, ukuta umeshapanda. Juu yake vinapangwa vipande vya chupa. Zikiongezeka, zinakuja nyaya za umeme, kisha mbwa, kisha mlinzi wa kampuni, na mwisho kamera ya kumchunga huyo mlinzi. Jirani wa nyumba ya pili hamjui hata kwa sura. Ukimuuliza anaogopa nini, hana jibu moja. Anawaogopa wote.

Hapo unapoingia msiba ndipo hesabu inapokataa. Fedha inakodi maturubai, viti, jenereta, mpishi wa pilau na gari la kubebea jeneza. Haikodi mtu wa kukesha nawe kwenye mkeka, anayejua marehemu alikuwa anacheka vipi. Na uswahilini kila mtu anaijua adhabu ya asiyezika wenzake. Hakuna kikao kinachokaa wala barua inayoandikwa. Siku yake ikifika, watu wanachelewa. Wanaofika wanakaa pembeni, mikono mifukoni, sepetu linawatazama. Mwenye msiba anaweza kuwa na akaunti nono kuliko mtaa mzima, na bado akahangaika kutafuta vijana wa kuchimba kaburi kwa malipo. Watachimba, ndiyo. Wakimaliza watasubiri chao waondoke.

Simsifii mtu umaskini, msikilizaji. Anayekwambia fedha si kitu hajawahi kukaa mbele ya daktari akaambiwa mgonjwa wake anahitaji kusafishwa figo mara tatu kwa wiki. Fedha ni ada, ni bati, ni dawa ya sukari kila mwezi. Mwenye nayo ashukuru, asiye nayo aitafute. Wahubiri wa kuidharau fedha, mara nyingi, wana ya kutosha.

Ila ina mipaka, na Laizer mwenyewe aliutaja mmoja: alisema hakusoma. Shule aliyoahidi aliijenga, akaikabidhi serikalini, ili watoto wa wenzake wakae darasani humo. Miaka yake yeye ya kukaa kwenye dawati imekwisha pita, na hakuna kilo za tanzanite zinazoirudisha.

Kutembea usiku ni jambo la aina hiyohiyo. Nadhani alikuwa nako kabla ya mawe kupatikana, kwa kuwa kunatokana na kuishi na watu miaka mingi kabla ya mabilioni: kuzika nao, kuchunga nao, kugombana na kupatana. Ukisubiri utajiri ndipo uanze kuwajua majirani, kila salamu yako itaonekana ina jambo nyuma yake, na wao watakuja kwako wakiwa na mahesabu yao. Sitawalaumu.

Kwa hiyo kama mtaani kwako kuna msiba leo, nenda. Usitume rambirambi kwa simu ukaishia hapo. Nenda ukakae nao, hata kama saa moja tu ndiyo uliyo nayo.