Fondanti ya Mashimelo: Kupamba Keki kwa Mikono ya Nyumbani katika Hewa Kavu ya Dodoma

(Matini ya mada kwa vikundi vya wajasiriamali wadogo wa kata)



Sherehe ya kumuaga binti siku hizi haihesabiwi kuwa imekamilika bila keki. Hukatwa mbele ya wageni, na vipande vyake, au keki ndogo zilizoandaliwa pamoja nayo, hukabidhiwa wazazi na wakwe kwa heshima. Keki inapopasuka au kuchuruzika kabla ya saa ya kukatwa, aibu huzifikia familia mbili kwa wakati mmoja. Mpambaji naye hupata hasara mbili: fedha ya kianzio anayodaiwa kuirejesha, na jina lake, ambalo halirejeshwi kwa fedha.

Fondanti ni ule utando laini wa sukari unaosukumwa kama chapati na kufunikwa juu ya keki hadi ikawa na uso mwororo. Mpambaji wa Mpwapwa, Bahi au Kongwa anayetegemea fondanti ya dukani hulazimika kuiagiza mjini, akilipia bei yake pamoja na nauli. Ipo njia ya kuitengeneza nyumbani kwa mashimelo, yaani zile peremende laini zinazobonyea kama sifongo. Njia hii haihitaji mashine. Inahitaji mizani, chekecheo, sufuria, bakuli na uvumilivu wa usiku mmoja.

Jina la mashimelo katika lugha ya Kiingereza limetokana na mmea uotao penye majimaji, ambao mizizi yake ilitumiwa zamani kutengenezea peremende na dawa ya koo. Leo mmea huo haumo tena. Mashimelo ya viwandani ni sukari, sharubati, hewa na gelatini. Gelatini ndiyo inayoifanya fondanti ivutike bila kukatika, nayo ndiyo inayoleta swali zito litakaloelezwa baadaye.

Vipimo na utaratibu

Kwa mkupuo mmoja mpambaji hupima gramu 450 za mashimelo meupe, vijiko vikubwa 2 vya maji, na gramu 900 za sukari ya unga iliyochekechwa. Huandaa pia mafuta meupe ya kupikia yaliyoganda, yasiyo na harufu, kwa ajili ya kupaka bakuli, mwiko, meza na viganja. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa huu unayo kwa wingi, ni mazuri kwa mapishi mengi, lakini kwa kazi hii hayafai, kwa kuwa ni ya maji na yana rangi.

Mashimelo na maji huwekwa katika bakuli lililopakwa mafuta, nalo huwekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bila kitako cha bakuli kugusa maji. Jiko la mkaa linafaa, ilimradi moto upunguzwe, kwani moto mkali huunguza sukari. Mashimelo yakiisha kuyeyuka na kuwa kama uji mzito, bakuli huepuliwa. Rangi, ikiwa ni moja kwa fondanti yote, hutiwa hapo. Ifaayo ni rangi nzito ya kupambia keki, kwa maana rangi ya maji hulegeza mchanganyiko.

Sukari huongezwa kidogo kidogo, ikikorogwa kwa mwiko. Robo tatu ya sukari ikishaingia, mchanganyiko humwagwa juu ya meza iliyopakwa mafuta, na mpambaji huukanda kwa viganja vilivyopakwa mafuta, kama akandavyo unga wa chapati. Robo iliyobaki huingizwa kwa kadiri mikono inavyohitaji. Fondanti iliyo tayari huvutika bila kunata na haichaniki upesi. Hupakwa mafuta kidogo, ikafungwa mara mbili kwa plastiki safi, ikawekwa katika chombo chenye mfuniko usiopitisha hewa, na kuachwa ilale usiku kucha. Anayeisukuma siku hiyo hiyo hupata utando wenye mapovu na unaorudi nyuma kama mpira.

Wengine husaga sukari ya kawaida kwa blenda ili kupunguza gharama. Jambo hilo linawezekana, kwa kuongeza kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi kwa kila kikombe cha sukari na kuchekecha mara mbili. Ieleweke kwamba wanga wa mahindi si sembe, na sembe haiwezi kushika nafasi yake. Ieleweke pia kwamba sukari iliyosagwa nyumbani mara nyingi hubaki na chembe, na chembe hizo huchana utando unaposukumwa. Inafaa zaidi kwa kujifunzia na kwa maua kuliko kwa kufunika keki ya harusi.

Hewa ya uwanda wa kati

Maelekezo mengi ya fondanti yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa nyingine. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu, na ifikapo Julai na Agosti upepo huwa mwingi. Fondanti iliyoachwa wazi mezani katika miezi hiyo huota ganda juu kwa dakika chache tu, na ganda hilo likisukumwa huacha nyufa zinazofanana na ngozi ya tembo.

Kwa hiyo katika kiangazi mpambaji huanza na gramu 800 za sukari na kuongeza ikiwa tu mchanganyiko bado unanata. Anaweza kutia kijiko kidogo kimoja cha glisirini ya chakula, ambayo huhifadhi unyevu. Hufunga madirisha upande unakotoka upepo, hasa kwa ajili ya vumbi, na hutoa kwenye plastiki kipande anachokitumia tu. Nyufa zikitokea, huzisugua kwa mafuta meupe kwa kidole, taratibu, wala hazijazi kwa maji.

Wakati wa masika tatizo hugeuka. Sukari huvuta unyevu wa hewa, na fondanti hunata na kulegea. Hapo hutumika gramu zote 900, na wakati wa kusukuma meza hunyunyiziwa wanga wa mahindi kidogo. Katika misimu yote miwili, keki iliyokwisha kufunikwa haipelekwi kwenye friji. Ikitolewa humo hutoka jasho, nalo huyeyusha sukari na kuchuruzisha rangi.

Hata hivyo, ukavu huo una faida yake. Maua, majani na herufi za majina huhitaji kukauka, na katika hewa ya Dodoma hukauka vizuri yakitengenezwa siku mbili au tatu kabla. Anayetafuta pambo la kwao ana vielelezo tele: vishada vya zabibu, ambavyo ni vidonge vidogo vya zambarau vilivyopangwa pamoja, mbuyu, au ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama wa Kigogo.

Kufunika na kusafirisha

Keki ya duara yenye upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 10 huhitaji karibu kilo 1 ya fondanti. Ya sentimita 20 huhitaji karibu gramu 700, na ya sentimita 15 karibu gramu 500. Keki ya ghorofa tatu za vipimo hivyo hutumia kilo 2.2, yaani mikupuo miwili, na ziada ya kutosha kwa mapambo.

Kipenyo cha kusukuma hupatikana kwa kujumlisha upana wa keki na kimo chake mara mbili: 25 na 20 ni sentimita 45. Unene wa milimita 4 unatosha. Kabla ya kufunika, keki hupakwa krimu ya siagi ili fondanti ishike na mashimo yasionekane. Kwa safari za barabara za vumbi, kila ghorofa husafirishwa katika boksi lake, na keki hupangwa ukumbini juu ya vijiti safi vinavyobeba uzito. Keki iliyopangwa tangu nyumbani huwa hatarini kwenye kila tuta.

Uaminifu kwa mlaji

Gelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama: nguruwe, ng'ombe, au samaki. Katika mkoa wenye waumini wa dini mbalimbali, na wilaya kama Kondoa zenye Waislamu wengi, mpambaji asiyesoma maandishi ya pakiti anaweza kumlisha mteja kitu ambacho dini yake imekikataza. Kosa hilo halionekani kwa macho wala halisikiki ulimini, na kwa sababu hiyo linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Pakiti yenye alama ya halali, au inayotaja gelatini ya samaki, ndiyo ya kununua kwa wateja hao. Pakiti isiyotaja asili ya gelatini haimpi mpambaji haki ya kusema "ni halali." Pakiti hiyo itunzwe hadi sherehe iishe, ili mteja akiuliza aonyeshwe. Vivyo hivyo, keki yenye karanga itajwe wazi, kwa kuwa wapo wanaodhuriwa nazo.

Anayetaka kuuza kwa kudumu anapaswa kufuata taratibu za usafi na kupima afya kama wahudumu wengine wa chakula. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na afisa afya wa kata ndiye mlango wa karibu wa kupata maelekezo.

Hesabu kabla ya mkopo

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyosimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ilirejeshwa mwaka 2024. Ni fedha za umma zinazorudi ili kikundi kingine kikopeshwe. Kikundi kisichorejesha hakiidhuru halmashauri pekee. Kinamfungia njia jirani anayesubiri zamu.

Kwa hiyo ni busara kikundi kianze na mkupuo mmoja kwa michango yake, kisha kiandike kila kitu: mashimelo, sukari, mafuta, mkaa au gesi, maji, plastiki, nauli, na siku mbili za kazi. Wengi husahau hizo siku mbili, na ndizo zinazofanya keki iliyodhaniwa kuwa na faida igeuke hasara. Jumla hiyo ilinganishwe na bei ya fondanti ya dukani kwa uzito uleule. Ikiwa ya dukani ni nafuu, hakuna aibu kuinunua. Ikiwa ya nyumbani ni nafuu, kikundi kiijaribu katika upepo wa Agosti na katika mvua ya Januari kabla ya kupokea kianzio cha harusi ya mtu.

Kikundi kitakachofika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kikiwa na daftari la hesabu hizo na kipande cha keki iliyostahimili misimu yote miwili kitakuwa kimejibu sehemu kubwa ya maswali kabla hayajaulizwa.