Umande usiokauka

Somo: Yakobo 1:12-15



Huku Katanga, kwenye majani ya dembo, kuna mmea mdogo ambao wengi tunaukanyaga bila kuuona. Wataalamu wanauita drosera. Majani yake yana vinywele vyekundu, na juu ya kila kinywele kuna tone linalong'aa. Ukiupita asubuhi utasema: huu ni umande. Lakini jua la saa sita likikausha umande wote, matone yale yanabaki. Si maji. Ni ulimbo.

Mdudu anavutwa na mng'ao ule. Anatua, mguu unanasa. Anapojitikisa anagusa matone mengine, na vinywele vya kando vinainama juu yake polepole. Kisha jani linatoa maji ya kumyeyusha, linamnyonya.

Tusiulaumu mmea. Udongo wa dembo ni maskini, hauna chakula cha kutosha, na Muumba aliupa njia ya kuishi. Ni mzuri kweli, na uzuri wake si zambi. Lakini mdudu hakujua alipotua. Sisi tumepewa akili.

Kuna baba anayenisikia sasa. Alikopa feza ya riba ili alipe masomo ya watoto. Alipewa siku ileile, bila maswali. Mwezi wa pili akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Kila akijitikisa, ananasa zaidi. Mke wake hajui.

Ndugu yangu, mdudu hana wa kumwita. Wewe unaye. Ita leo, mguu mmoja ungali huru. Mwambie mke wako jioni hii, kisha mwende pamoja kwa mzee wa kanisa.

Nanyi wazee, akija mtu wa namna hiyo, musimucheke wala musimutangaze. Keti naye, muandike deni lote kwenye karatasi, mutafute njia pamoja.

Na wewe ambaye hujatua bado: ngoja saa sita. Jambo usiloweza kulionyesha mchana mbele ya watu wa nyumba yako, usiliite umande.

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kutambua, na kinywa cha kuita mapema. Kwa jina la Yesu, amina.