Mbuzi Si Kondoo Mwembamba

Soma lebo za dawa za minyoo kwenye duka la dawa za mifugo na mara nyingi utakuta wanyama wawili wamewekwa katika mstari mmoja: kondoo na mbuzi, kipimo kile kile kwa kila kilo ya uzito. Mstari huo unampotosha mfugaji, na hasara yake haimpati mbuzi peke yake.

Ini ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa dawa itakaa mwilini kwa muda gani. Lina vimeng'enya vinavyoibadili dawa hatua kwa hatua hadi itoke kwa mkojo au kwa nyongo, na kila jamii ya wanyama ina vyake, vingine vya kasi, vingine vizito. Chukua fenilbutazoni, dawa ya maumivu: katika damu ya farasi, nusu yake huondoka kwa saa 5 au 6 hivi, kwa ng'ombe huchukua saa 40 na zaidi. Monensini huchanganywa kwenye chakula cha kuku kuzuia vimelea vya koksidia, na kuku hawadhuriki. Farasi akiila hiyo hiyo, ini lake huivunja polepole mno, na kiasi kidogo tu hutosha kuharibu misuli ya moyo wake. Ukubwa wa mwili hauelezi lolote kati ya hayo.

Mbuzi yumo kwenye kundi la wenye kasi. Albendazoli ikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa sulfoksidi, ambayo ndiyo inayoua minyoo, kisha kuwa sulfoni isiyo na nguvu. Hatua hiyo ya pili mbuzi huimaliza upesi kuliko kondoo, hivyo minyoo yake huonja dawa kwa muda mfupi. Wengi wanaihusisha kasi hiyo na malisho: kondoo hupenda nyasi, mbuzi hukwea vichaka na kula majani yenye tanini na sumu nyinginezo, na ini lililozoea kazi hiyo haliulizi kama sumu imetoka kwenye mgunga au kwenye chupa. Ndiyo maana wataalamu humpangia mbuzi albendazoli maradufu ya kondoo, na levamisoli mara moja na nusu.

Anayenywesha mbuzi kipimo cha kondoo haoni kosa lolote, maana minyoo dhaifu hufa kweli. Inayosalia ni ile sugu, na mayai yake huangukia malishoni ambako kondoo nao hula. Usugu huo hauchelewi. Thiabendazoli iliingia sokoni mwaka 1961, na kufikia 1964 mnyoo mnyonya damu wa tumbo la nne alikwisha kuripotiwa kuishinda huko Marekani, tena ndani ya kondoo, mnyama ambaye kipimo kilipangwa kwa ajili yake.

Kuna atakayesema kosa kubwa zaidi ni kukisia uzito kwa macho. Ni kosa kweli, lakini mbuzi akikisiwa mwepesi kuliko alivyo kisha akapewa kipimo cha kondoo, makosa hayo mawili yanaelekea upande mmoja, hayafutani. Mwingine atasema dawa maradufu ni gharama. Jibu ni kunywesha wachache: Afrika Kusini ilibuni kadi ya rangi ya kulinganishia utando wa ndani ya kope, na anayetibiwa ni yule aliyepauka kwa kukosa damu.

Pingamizi zito ni la usalama, nalo silipuuzi. Levamisoli ina nafasi finyu kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachomdhuru mnyama, na albendazoli ni hatari kwa mimba changa. Isitoshe, siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, zikiwa zimehesabiwa kwa kipimo cha kondoo, haziwezi kuaminiwa dozi ikipanda. Kwa hiyo simwambii mfugaji ajiongezee dozi nyumbani. Amuulize daktari wa mifugo. Hesabu hiyo ya mbuzi, dozi yake na siku zake za kungoja, ingepaswa kufanywa na mtengenezaji na kudaiwa na mamlaka inayosajili dawa, kabla chupa haijafika dukani.