Hifadhi za Karagwe na Haki ya Jirani



Nashukuru kwa heshima mliyonipa, mimi mwana wa Kihanga, niwaeleze habari za kuzuru hifadhi zetu. Niruhusuni nianzie katika nchi ya mababu zenu.

Chini ya milima ya Himalaya iko hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1936, ya kwanza nchini India. Leo inaitwa kwa jina la Jim Corbett, mwindaji aliyezaliwa Nainital mwaka 1875 na kufariki Nyeri, Kenya, mwaka 1955. Alipata sifa kwa kuwaua simbamarara na chui waliokula watu, kisha akawa mtetezi wa wanyama hao hao. Mambo hayo mawili hayapingani: mnyama hawezi kusalimika iwapo jirani yake hana amani.

Somo hilo linatuhusu. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe nazo zikapandishwa hadhi. Ibanda iko pembeni kabisa mwa nchi, ambako Mto Kagera unatutenga na Rwanda na Uganda. Rumanyika ina jina la Omukama aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Mgeni apandaye vilima vyake huikanyaga historia yetu.

Lakini kando ya kila hifadhi pana mkulima. Nyati au tembo akiingia shambani usiku mmoja, chakula cha msimu mzima huweza kupotea. Serikali imeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yenyewe yanakiri ukweli: machozi hufutwa, alichopoteza mtu hakirudi chote.

Ninyi huanza ibada kwa kumtaja Ganesha, mwenye kichwa cha tembo. Kumheshimu tembo hekaluni ni jambo jema; kumheshimu yule anayeishi naye mpakani ni kulikamilisha jambo hilo. Kwa hiyo ombi langu ni moja. Njooni na watoto wenu. Msipite tu na magari mkarudi mjini jioni. Laleni katika nyumba zetu za wageni, nunueni kahawa na ndizi zetu, wapeni vijana wetu kazi ya kuwaongoza. Jirani akipata riziki kwa mnyama aliye hai, atakuwa mlinzi wake wa kwanza.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi wenyeji tunawangoja.

Nawatakia maadhimisho yenye baraka.