Somo la Redio: Tutunze Mizizi ya Nanaa Wakati wa Kiangazi

Kaeni vizuri, kila mtu afungue daftari lake. Leo tutazungumza juu ya nanaa, lile jani lenye harufu nzuri tunalotia katika chai.

Hapa Mpanda, na katika mkoa wote wa Katavi, mvua huisha karibu na mwezi wa Mei. Juni na Julai usiku huwa na baridi. Kisha jua huzidi, na mpaka Oktoba maji huwa haba. Mto Katuma nao hupungua, hata viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi husongamana katika madimbwi machache yaliyobaki. Ikiwa kiboko anahangaika, nanaa yako iliyo nyuma ya jiko itakuwaje?

Majani hunyauka, vijiti hukauka. Nawe husema, "Imekufa," ukaing'oa na kuitupa. Ngoja kwanza! Uhai wa nanaa umo katika mizizi. Huko Ulaya baridi kali hukausha nanaa yote ya juu, lakini mizizi hulala ardhini, na joto likirudi huchipua tena. Kwetu adui ni ukavu. Mizizi ya nanaa haiendi chini sana, kwa hiyo jua huifikia upesi.

Basi fanya hivi:

1. Kata vijiti vilivyokauka, ubakize urefu wa vidole viwili.

2. Funika udongo kwa nyasi kavu, ili jua lisinyonye maji. Zinyanyue mara kwa mara, utazame kama mchwa wameingia.

3. Tia kidole katika udongo. Ukiwa na unyevu, usimwagilie. Ukiwa mkavu, mimina kopo moja la maji shinani, asubuhi na mapema.

4. Weka kivuli cha kuzuia jua la mchana, na uzio wa kuzuia mbuzi.

Pengine mama mmoja atauliza, "Maji nayachota mbali. Niwape watoto au majani?" Ni swali la haki. Watoto kwanza. Lakini maji uliyooshea mchele au mboga usiyamwage njiani. Mpe nanaa hayo. Yenye sabuni au chumvi hayafai. Na kama una mashina kumi, usihangaike na yote. Okoa moja tu. Novemba mvua ikirudi, shina hilo litachipua. Kata vitawi vyenye vifundo, uvitie katika kikombe cha maji. Baada ya wiki moja au mbili vitatoa mizizi, nawe utapanda tena, na jirani utamgawia. Aliyeng'oa yote atatafuta mbegu kwa fedha.

Sasa shikeni kalamu, mjibu maswali haya:

1. Uhai wa nanaa umo wapi?

2. Kwa nini tunafunika udongo kwa nyasi?

3. Ukimimina kopo 1 leo, kesho ukapumzika, kesho kutwa ukamimina tena, utatumia makopo mangapi kwa siku 30?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.